Bronte, Sisilia: kuna cha kuona zaidi ya pistachio?

Kijana_wa_Catania

Wakuu, salaam. Wakubwa wote humu shikamooni.

Niko Catania kimasomo. Kila asubuhi nauona mlima Etna dirishani, lakini sijawahi kufika upande wake wa pili. Sasa nimepata Jumamosi moja ya bure mwishoni mwa Septemba, na nataka niitumie kwenda Bronte, ule mji mdogo wa wakulima upande wa magharibi wa mlima. Wenzangu darasani wananikatisha tamaa. Wanasema kule ni pistachio mwanzo mwisho: unakula aiskrimu ya pistachio, unapiga picha, unarudi.

Mimi napenda historia na napenda kuona watu wanavyolima. Kuna mtu humu amewahi kuishi Bronte, au anaijua vizuri? Nianzie wapi, nione nini, nile nini? Na hii habari kwamba mji ule uliwahi kuwa mali ya admirali wa Kiingereza ni ya kweli, au ni maneno ya watembeza watalii? Gari sina.

Roda_Ndefu

Mkuu, mimi pale napita na lori la matunda, nikitoka Paternò kwenda Randazzo kwa barabara ya SS 284. Ninachoweza kukuambia ni kwamba ukishaipita Adrano unaingia katikati ya lava iliyoganda, nyeusi, imejikunja, na juu yake kuna miti mifupi imepinda kama vile haikupandwa na mtu. Ndiyo hiyo miti ya pistachio. Mjini kwenyewe sishuki sana. Kuna mama mmoja humu anaishi palepale, msubiri yeye.

MamaWaBronte

Marahaba mwanangu, na wewe Roda asante kwa kunitaja.

Naishi Bronte. Namtunza bibi mmoja mzee ambaye ukoo wake una kishamba cha pista, hizo hizo pistachio, kwenye miamba, chini ya mji. Mengine nitakayokueleza nimeyasikia jikoni kwake, mengine nimeyasoma, na mengi nimeyaona mwenyewe. Nina ombi moja tu: usije huku kama mtu anayekwenda dukani. Mji huu umegombania ardhi kwa karne nyingi. Ukiujua ugomvi huo utaelewa kwa nini hata hizo pista zimeota pale zilipoota.

Usafiri kwanza. Kuna reli ndogo inaitwa Circumetnea, inauzunguka mlima tangu karne ya kumi na tisa, na Bronte ni moja ya vituo vyake. Upande wa Catania kumekuwa na ujenzi wa kuiunganisha na metro, kwa hiyo kipande cha mwanzo huenda ukapandishwa basi. Angalia ratiba siku moja kabla. Jumamosi umechagua vizuri, maana Jumapili treni za huku mlimani kwa kawaida hazitembei. Ukiwa njiani mlima utakuwa kulia kwako, na bonde la mto Simeto kushoto. Ukipata kiti cha dirishani upande wowote hutajuta.

Mji uko kwenye mwinuko wa mita 760 hivi. Mgongo umeuegemeza Etna, uso unaitazama milima ya Nebrodi. Zamani hapakuwa na mji, palikuwa na vijiji vya wakulima vilivyotawanyika bondeni na kwenye miteremko. Mwaka 1535 Kaisari Charles V akaamuru vijiji 24 viunganishwe viwe mji mmoja, ndio huu. Ukitembea kwenye vichochoro vya sehemu kongwe utaona nyumba zimebanana, ngazi nyeusi za mawe ya lava, na vijia vyembamba ambavyo mbuzi wawili hawapishani. Pita kanisa la Annunziata, ndani mna sanamu za marumaru za Bikira Maria na Malaika Gabrieli ambazo watu hapa wanazihusisha na ukoo wa wachongaji wa Gagini.

Sasa admirali. Ni kweli tupu. Mwishoni mwa mwaka 1798 Mfalme Ferdinand wa Napoli alikimbia mapinduzi akavushwa hadi Palermo na meli ya Horatio Nelson, ndiye admirali wa Kiingereza unayemuulizia. Mwaka uliofuata jamhuri iliyokuwa imetangazwa Napoli ikavunjwa, wengi wakauawa, na Nelson mwenyewe akaamuru Admirali Francesco Caracciolo anyongwe kwenye mlingoti wa meli. Kwa shukrani, Oktoba 1799 mfalme akampa Nelson cheo cha Duki wa Bronte pamoja na ardhi. Na ardhi yenyewe haikuwa kiwanja. Ilikuwa mali ya abasia, yaani nyumba ya watawa, ya kale ya Maniace, ambayo tangu mwaka 1491 mapato yake yalikuwa yakienda kwa hospitali kuu ya Palermo. Kwa hiyo watu wa Bronte walikuwa wameshadai haki yao ya mashamba na misitu kwa zaidi ya miaka 300 dhidi ya hospitali. Usiku mmoja wakaamka wanamdai Mwingereza. Nelson aliupenda mno huo ukubwa. Kuanzia hapo sahihi yake ikawa "Nelson & Bronte".

Hapa ndipo ninapotaka uelewe, mwanangu, kwa sababu wageni wengi wanaruka sehemu hii.

Mei 1860 Garibaldi, mpiganaji wa kuiunganisha Italia, alitua Sisilia na watu wake kuung'oa utawala wa wafalme wa Napoli. Tarehe 2 Juni akatoa amri kwamba ardhi za halmashauri zigawiwe, na waliopigana wapate fungu lao. Watu maskini wa Bronte wakasikia. Wakangoja. Juni ikapita, Julai ikapita, mabwanyenye waliokuwa upande wa duki, yaani wa warithi wa Nelson, bado wameshika ofisi na vitabu. Tarehe 2 Agosti hasira zikalipuka. Nyumba zikachomwa, kumbukumbu za mji zikachomwa, na kwa siku kadhaa watu 16 wakauawa, kati yao mthibitishaji wa hati na mwanawe. Siyapambi mambo hayo. Yalikuwa mauaji ya kutisha, na bibi yangu hapa akiyasimulia hupunguza sauti, ingawa ni ya zama za babu wa babu zake.

Garibaldi akamtuma jenerali wake, Nino Bixio, aliyefika tarehe 6. Wakuu wa fujo wengi walikuwa wameshakimbia. Mahakama ya kivita ikakaa, kesi ikaendeshwa kwa saa chache, watu watano wakahukumiwa kifo. Mmoja alikuwa wakili Nicolò Lombardo, mtu aliyekuwa ametetea ugawaji wa ardhi kwa njia ya sheria, na ambaye alijisalimisha mwenyewe. Mwingine alikuwa Nunzio Ciraldo Fraiunco, ambaye mji mzima ulimjua kuwa hana akili timamu. Kosa lake lilikuwa kupita mitaani na kitambaa cha rangi za bendera kichwani, akipuliza tarumbeta ya kuchezea. Alfajiri ya tarehe 10 Agosti wakapigwa risasi kwenye uwanja wa mbele ya kanisa la San Vito.

Nenda San Vito. Hakuna jengo la kukushangaza pale. Simama tu, ukijua kwamba wale watano walikufa kwa kudai kitu ambacho walikuwa wameahidiwa kwa maandishi.

Kisha kasri la Maniace. Liko mbali kidogo na mji, zaidi ya kilomita 10, na kwa miguu hutafika. Omba kwenye baa karibu na stesheni wakuitie gari, mpatane bei ya kwenda na kurudi kabla hujapanda. Mwaka 1040 jenerali wa Bizanti, George Maniakes, aliwapiga Waarabu kwenye bonde lile, na jina likabaki. Mwaka 1173 Malkia Margaret wa Navarre, mama yake Mfalme William II wa Sisilia, akajenga hapo abasia. Tetemeko la Januari 1693 liliiangusha sehemu kubwa, ila mlango wa kanisa ulisalimika, na ndio ninaoupenda kuliko kitu chochote kule. Nguzo zake zimechongwa watu na wanyama. Chukua muda wako pale, zungukia vichwa vya nguzo kimoja kimoja.

Warithi wa Nelson waliigeuza abasia ikawa nyumba ya Kiingereza: bustani, picha za meli ukutani, vyumba vya wageni. Uani wakasimamisha msalaba wa jiwe la lava wa kumkumbuka. Waliendelea kuishi humo hadi mwaka 1981 walipouza kasri kwa halmashauri ya Bronte. Hebu hesabu mwenyewe tangu 1799. Nje kuna makaburi madogo ya Waingereza, na mshairi wa Kiskoti William Sharp amezikwa hapo tangu 1905.

Ukirudi mjini, kwenye mtaa wa Corso Umberto utaona jengo refu la Collegio Capizzi. Ni shule iliyoanzishwa na padri Ignazio Capizzi, mtoto wa familia maskini ya hapahapa, ikafunguliwa 1778, na kwa muda mrefu vijana wa Sisilia walipelekwa huku kusoma. Mzaliwa mwingine wa mji ni Nicola Spedalieri, padri aliyeandika kitabu juu ya haki za binadamu mwaka 1791. Mji wa wakulima, na bado umetoa watu wa namna hiyo. Mimi jambo hilo hunifurahisha kila nikipita.

Mpenda_Bahari

Mama, kwa heshima zote. Nelson hakuwahi kukanyaga Bronte hata siku moja. Alikufa kwenye vita vya baharini vya Trafalgar mwaka 1805. Risasi zilipigwa 1860, na aliyepiga ni Mwitaliano. Naona unamtwisha marehemu mzigo usio wake.

MamaWaBronte

Mpenda_Bahari, umesema kweli kuhusu Trafalgar na kuhusu Bixio, na ni vizuri kijana ayajue yote. Nelson hata alimtuma mtunza bustani aliyeitwa Graefer, yule aliyetengeneza bustani ya Kiingereza ya mfalme kule Caserta, aje kusimamia ardhi na kulima kwa njia bora. Nia njema huenda ilikuwepo.

Ninachosema ni hiki. Mfalme alitoa zawadi kitu ambacho watu walikuwa bado wanakidai mahakamani, na zawadi hiyo ikarithiwa na kurithiwa. Wakulima wa 1860 hawakuwa na shida na mtu aliyezikwa London. Walikuwa na shida na msimamizi anayewazuia kukata kuni leo asubuhi. Ndiyo maana mji uligawanyika makundi mawili, wa upande wa duki na wa upande wa halmashauri, na mgawanyiko huo ndio uliowasha moto.

Na haukuishia hapo. Mwaka 1940, Uingereza na Italia zikiwa vitani, serikali ya Mussolini ilitwaa ardhi ya duki ikajenga humo kijiji cha wakulima, wakakipa jina la Caracciolo, yule admirali aliyenyongwa na Nelson. Vita vilipokwisha familia ikarudishiwa mali yake. Ilichukua mageuzi ya ardhi ya baada ya vita, na kelele nyingi, mpaka wakulima wakapata mashamba yao. Bibi ninayemtunza aliyaona hayo akiwa msichana. Kwake si historia ya vitabuni. Anakumbuka ni nani alipata kipande gani na ni nani alikosa.

Shamba_Darasa

Naomba nichepushe mada kidogo. Mimi ni bwana shamba kitaaluma. Roda amesema miti imeota juu ya lava. Inawezekanaje? Mizizi inapita wapi? Na nimesikia wanavuna mwaka mmoja na kuruka mwingine. Ni asili ya mti au ni uamuzi wa mkulima?

MamaWaBronte

Swali zuri, bwana shamba, na hujachepusha kitu. Hapa ndipo ardhi na pista zinapokutana.

Ardhi laini ya bondeni, yenye maji ya Simeto, ndiyo iliyokuwa ya abasia na baadaye ya duki. Mkulima mdogo alibaki na sciara, yaani miamba ya lava. Bibi hunisimulia kwamba wazee wake walikuwa wakivunja mawe kwa nyundo wapate tundu la kuweka jembe. Na volkano haikuwa jirani mwema. Mwaka 1651 lava iliingia kwenye mji wenyewe, mwaka 1832 ikaukaribia tena, na Novemba 1843 lava ilikutana na maji ikalipuka ghafla, ikaua watu 59 kwa mara moja. Kwenye mawe ya moto wa namna hiyo ndipo walipolima.

Mti wa mwituni unaoota wenyewe kwenye nyufa za lava ni terebinto, ndugu yake pista. Mizizi yake ina nguvu ya ajabu, watu huku wanauita mvunja mawe. Wakulima hawapandi pista ardhini. Wanatafuta terebinto palipoota, kisha wanaubebesha, yaani wanaupandikizia, kikonyo cha pista. Ndiyo sababu hakuna mistari. Mti mmoja uko hapa, mwingine kwenye shimo kule, mwingine umetokeza ubavuni mwa jiwe. Trekta haliingii. Mashamba haya wenyewe wanayaita lochi, na kwa masharti ya nembo ya asili ya Umoja wa Ulaya yanatakiwa yawe kati ya mita 400 na 900 kutoka usawa wa bahari, katika maeneo ya Bronte, Adrano na Biancavilla.

Kuna mti dume na mti jike, hilo unalijua. Chavua hubebwa na upepo, kwa hiyo dume huwekwa upande upepo unakotokea. Mvua ikinyesha vibaya Aprili, mwaka umekwisha.

Kuhusu kuruka mwaka, ni vyote viwili. Kwa asili pista inapobeba mzigo mkubwa, vitumba vya mwaka unaofuata hudondoka vyenyewe kabla ya wakati. Mti unajichagulia kupumzika. Ila vichache hubaki, na hapo ndipo mkulima wa Bronte anapoingia: mwaka wa kupumzika anapita mti kwa mti akivikwanyua kwa mkono. Anaacha kwa hiari yake mavuno madogo, mti upumzike kabisa na wadudu wakose chakula cha kuwavusha mwaka. Mavuno yanakuja miaka ya witiri, miaka ya shufwa miti inapumzika. Fikiria mkulima mwenye deni anavyovikwanyua vitumba vile kwa vidole vyake mwenyewe. Nimemwona mkwe wa bibi akifanya hivyo, hasemi neno.

Mavuno huanza mwishoni mwa Agosti. Familia nzima inashuka: wajukuu wanaofanya kazi Milano wanachukua likizo, mashangazi, majirani. Huwezi kutandika wavu vizuri juu ya mawe yale, kwa hiyo wengine wanavuna na ndoo au mfuko wa turubai uliotundikwa shingoni, wengine wanatikisa matawi juu ya turubai. Mikono inanata utomvu, miguu inatafuta pa kukanyaga. Usiku watu wanalala shambani kulinda, maana wezi wanakuja, na askari wa Carabinieri hufanya doria msimu huo kama vile kuna benki. Kisha ganda laini la nje linamenywa upesi kabla halijatia doa, na pista zinaanikwa juani siku tatu, nne. Ukipita mtaani kwetu Septemba utaziona zimetandazwa kwenye maroshani na nyuani, na utasikia sauti ya wanawake wakizipindua kwa reki.

Shamba_Darasa

Asante sana mama. Hiyo ya kukwanyua vitumba kwa mkono sikuwahi kuisikia popote.

Kijana_wa_Catania

Mama, sina la kusema zaidi ya asante. Nimeshachora safari: asubuhi mjini na San Vito, mchana Maniace. Nimebakiza tumbo. Mimi ni Mwislamu, sili nguruwe, na naogopa nitazunguka na njaa. Halafu dada yangu kaniagiza pista "halisi", nami nikiingia dukani Catania naona kila kopo limeandikwa Bronte. Nitazijuaje?

MamaWaBronte

Mwanangu, hutakaa na njaa, ila uulize. Sema "c'è maiale?", yaani kuna nguruwe?, kabla ya kuagiza kitu chochote cha chumvi, nao watakujibu bila kukasirika.

Nianze na cha kuepuka. Arancini, zile tonge za wali zilizokaangwa, huku upande wa mashariki wa kisiwa zina ncha kama mlima, na ile ya pista mara nyingi imewekewa nyama ya nguruwe ndani. Sosi ya tambi ya pista mahotelini nayo hutiwa krimu na vipande vya speck, ambayo ni nguruwe. Soseji zote ziache. Nguruwe weusi wa milima ya Nebrodi ni fahari yao, kwa hiyo wanamtia kila mahali.

Sasa cha kula. Asubuhi ukishuka kwenye treni, granita ya pista, yaani barafu laini ya kusagwa, na mkate wa brioche. Rangi yake isikushtue kama si ya kung'aa. Ya kweli inakaa kijani cha majani makavu, wakati mwingine imeelekea kahawia.

Mchana tafuta tambi zenye pesto ya pista peke yake. Bibi hatii krimu kabisa, anasema inaziba kinywa. Anatwanga pista zilizomenywa, chumvi kidogo, pilipili manga, anatia mafuta ya zeituni hadi ikae kama uji mzito, halafu wakati wa kuchanganya na tambi anailegeza kwa kikombe cha maji yaleyale ya kuchemshia. Jibini anaiweka kidogo sana au haweki. Ukila hiyo ndipo utajua pista ina ladha gani, maana kwenye tamutamu sukari inaificha. Kando yake omba mboga za mwituni zilizokaangwa na kitunguu saumu. Zina uchungu kidogo na zinakwenda vizuri na mkate. Na kama mchungaji amekuja na ricotta, jibini laini, ya asubuhi, bado ya moto, usiikose. Jibini ya provola ya Nebrodi nayo ni nzuri, ingawa jibini nyingi za kienyeji hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la mnyama, hilo uamue mwenyewe.

Cha sukari, hapa cha kwao hasa ni filletta. Ni keki nyembamba ya duara, ya mayai, sukari na unga, laini kama sponji, wanaipaka krimu ya pista na kuikunja. Zamani ililiwa tupu, na bibi mpaka leo anaitaka tupu, anachovya kwenye maziwa. Nakuomba uionje hivyo kwanza, kabla ya ile ya krimu.

Kuhusu za dada yako. Mavuno ya Bronte ni kidogo mno ukilinganisha na Marekani, Iran na Uturuki. Hayawezi kujaza makopo yote yenye jina hilo unayoyaona. Tazama mambo haya. Punje ya hapa ni ndefu na nyembamba, si duara. Ngozi yake ya ndani ni ya zambarau, na ukiikata kiini kina kijani kikali hadi katikati. Nyingi za kutoka nje zina kiini cha njano. Pakiti yenye nembo nyekundu na njano ya DOP, ile nembo ya asili niliyoitaja, imekaguliwa. Maneno "iliyotengenezwa Bronte" maana yake ni kwamba kiwanda kiko Bronte, basi. Pista yenyewe huenda imetoka mbali. Na kwenye krimu soma asilimia: ikiwa sukari na mafuta mengine vimetajwa kabla ya pista, irudishe rafuni.

Nunua zilizomenywa ganda gumu lakini bado na ngozi yake ya zambarau, mbichi, bila chumvi. Za kukaanga na chumvi wanauziwa wageni. Mwaka huu ni wa mavuno, kwa hiyo utapata za msimu huuhuu, na wikendi za mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba huwa kuna tamasha la pista, Corso Umberto yote inajaa meza. Bei ni kubwa na haitashuka ukibembeleza. Ukikuta za bei nafuu barabarani, achana nazo. Mwombe muuzaji akupasulie moja mbele yako. Mwenye mali hakatai.

Kijana_wa_Catania

Nimeandika yote kwenye daftari. Swali la mwisho, mama: nikitoka Maniace jioni, nitapata treni ya kurudi?

MamaWaBronte

Za jioni ni chache, na ya mwisho huondoka mapema kuliko utakavyodhani. Anza na Maniace asubuhi, mji uwe wa mchana. Ukiona umechelewa, kuna mabasi yanayoteremka Catania kwa barabara ile ya Roda. Ulizia kwenye duka la tumbaku, tikiti nyingi za mabasi huuzwa huko. Na uvae viatu vya soli nene. Nitamwomba mkwe wa bibi akushushe kwenye lochi dakika chache, uwaone wakivuna. Niandikie ujumbe wa faragha siku mbili kabla.